Buti la Peugeot 504

Yapo makosa ya mwalimu ambayo hufutika pamoja na chaki jioni iyo hiyo, na yapo mengine ambayo humfuata hadi nyumbani, yakaketi naye mezani wakati wa chakula. Ninalotaka kulisimulia leo ni la aina hii ya pili. Nililitenda mwaka 2023, muhula wa tatu, nilipokuwa nikisahihisha kazi za mikono za wanafunzi wa Gredi ya 6 katika shule moja isiyo mbali na soko la Nyacheki, huku kwetu Bobasi.

Wanafunzi walikuwa wameagizwa kuunda chombo cha usafiri kwa kutumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira yao. Meza yangu ilijaa mitumbwi, baiskeli, ndege na matatu za kila namna, lakini nitataja vyombo viwili tu. Cha kwanza kilikuwa lori la mbao, limepigwa msasa likalainika kama shavu la mtoto mchanga, limepakwa rangi ya samawati na vanishi juu yake, magurudumu yake yote manne yakiwa duara kamili. Cha pili kilikuwa gari la waya lililofunikwa kwa bati la mkebe wa Kimbo. Lilikuwa na kutu hapa na pale. Maandishi ya mkebe yalionekana upande wa ndani wa milango. Magurudumu yake yalikuwa yamekatwa katika soli za ndara zilizochakaa. Urefu wake ulikaribia wa mkono wangu, tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Na huko nyuma, kwenye buti, bati lilikuwa limekunjwa katikati likashuka ghafla, mithili ya paa la kibanda lililokaliwa na mbuzi.

Lori la mbao nililipa daraja ya juu kabisa, ile iitwayo kuzidisha matarajio. Gari la waya nililipa kukaribia matarajio, nikaandika na maneno haya kwa wino mwekundu: "Buti limepinda. Jitahidi kunyoosha kazi yako."

Mvulana aliyeliunda ni mtoto mpole, asiyezoea kubishana na wakubwa. Alikuja mezani pangu baada ya kengele, akasimama kidogo, kisha akasema, "Samahani, mwalimu. Buti la Peugeot 504 ndivyo lilivyo."

Nilimwambia akaketi.

Sasa, msomaji, wewe uliyepanda teksi za zamani za kwenda Kisumu au Nairobi umekwisha kunicheka. Peugeot 504 ilitokea Ufaransa mwaka 1968, na mabingwa wa Pininfarina wa Italia ndio waliochora umbo la ile ya saluni. Alama yake kubwa, ambayo mtu hawezi kuisahau akishaionyeshwa, ni kile kifuniko cha buti ambacho huenda sawa kwa muda kisha kikavunjika na kuteremka. Mwaka 1969 gari hilo lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya, buti lake likiwa vivyo hivyo. Mimi niliyelisukuma kwenye matope nikiwa kijana, nikaweka viganja vyangu viwili juu ya mkunjo huo huo, nilikuwa nimemwandikia mtoto kwamba aunyooshe! Nililigundua kosa langu baada ya majuma mawili, nilipoikuta 504 kuukuu imeegeshwa mjini Kisii nje ya duka la vipuri. Nilisimama nyuma yake kwa muda mrefu hata mwenye duka akaniuliza kama ninataka kuinunua.

Hata hivyo, buti si kosa lote. Lile lori la mbao halikuundwa na mwanafunzi. Liliundwa na seremala mmoja sokoni ambaye, inapofika majira ya kazi za mikono, huweka kando vitanda na viti akatengeneza malori, nyumba na vinyago vya kuuzia wazazi. Nani asiyelijua hilo? Mzazi analijua, jirani analijua, mtoto analijua kuliko wote. Nami nililijua wakati ule ule kalamu yangu ilipokuwa ikiandika. Nilimpa seremala daraja ya juu, nikamnyima mtoto.

Ningependa kusema kwamba uovu huu umeletwa na mtaala mpya wa umilisi uliosambazwa nchini tangu 2019, kama wengi wasemavyo, lakini nitakuwa nimesema uongo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sisi nasi tuliagizwa vikapu, vyungu na mipini ya majembe, na wako miongoni mwetu waliovinunua sokoni asubuhi ya siku ya kusahihishwa. Tofauti ni kwamba wakati ule ufundi wa kweli wa mtoto ulikuwa na makao yake nje ya shule. Ulikuwa barabarani.

Mimi nililelewa na waya. Katikati ya miaka ya 1980 hapakuwa na mvulana wa rika langu ambaye hakuwa na gari. Tulichoma matairi mabovu tukatoa nyuzi zake za chuma. Wengine, nasikitika kukiri, tulipunguza nyua za watu, tukachapwa. Vifuniko vya rangi ya viatu vilikuwa magurudumu. Usukani ulikuwa fito ndefu iliyofika kifuani, yenye duara la waya juu yake, nasi tuliliongoza gari huku tukikimbia nyuma yake, midomo yetu ikiwa ndiyo injini. Na ilipofika Pasaka, mambo yaligeuka kuwa vita. Redio ya Sauti ya Kenya ilikuwa ikitangaza mashindano ya Safari Rally, na kila mtoto alijitwalia dereva wake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alikuwa amekwisha kushinda mara tano: 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Björn Waldegård wa Uswidi, ambaye jina lake tulilitamka kila mtu kwa lugha yake, alishinda 1984 na 1986 kwa Toyota Celica. Wazee wetu hawakutaka kusikia majina hayo. Kwao dereva alikuwa mmoja tu, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, jirani yetu kwa hiyo, aliyeshinda 1965 kwa Volvo na akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi.

Lakini nikumbukapo magari yetu yale kwa unyofu, hayakufanana na lolote. Gari lilikuwa gari. Uliliandika namba ubavuni kwa makaa ukaliita Datsun. Kesho yake namba ilifutika likawa Lancia. Hatukupima kitu. Ndiyo maana mvulana huyu wa Gredi ya 6 alinishangaza nilipomwita baadaye, nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza alivyofanya.

Alisema kwamba nyuma ya nyumba ya nyanya yake, kati ya migomba, palikuwa na 504 iliyoachwa na marehemu babu yake. Haikuwa na injini wala viti, na kuku walitagia ndani yake. Aliazima futikamba ya mama yake, ambaye ni mshonaji, akapima kila kitu. Futikamba ya mshonaji ina sentimita 150 tu. Kwa hiyo kila kipimo kirefu alikifanya kwa mara mbili au zaidi, akiweka alama ya chokaa pale ya awali ilipoishia. Kisha aligawanya kila namba kwa kumi. Nilipomuuliza kwa nini kumi, si nane au kumi na mbili, alijibu kwamba kwa kumi huhitaji kugawanya, unasogeza nukta tu.

Hapo, walimu wenzangu, palikuwa na somo la hisabati, la sanaa na la historia ya ukoo, vyote vimefungwa kwa waya moja. Nami nilikuwa nimetazama kutu.

Mapema mwaka 2024 binamu yangu aishiye Minnesota, Marekani, ambako Wagusii wamekuwa jamii kubwa, alikuja likizo akaniletea sanduku. Alikuwa amesikia kisa changu cha buti na akaona ni vyema anitanie. Ndani ya sanduku mlikuwa na vipande vya barabara ya plastiki vya kuunganishwa, magari mawili madogo, vishikizo viwili vya mkononi na transfoma. Mchezo huu una wapenzi wengi Ulaya na Marekani, nao, kwa kukosa jina bora, nitauita mbio za magari ya mfuo.

Mfuo ni mtaro mwembamba uliochimbwa katikati ya njia ya kila gari. Chini ya pua ya gari pana ulimi mdogo ambao huingia katika mfuo huo na kuliongoza. Kandokando ya mfuo kumelazwa mikanda miwili ya chuma ipitishayo umeme, na ulimi una vishungi viwili vya nyuzi za shaba ambavyo huigusa na kupeleka umeme kwenye mota. Dereva hana usukani. Kazi yake ni kubonyeza kishikizo ili kuongeza au kupunguza mkondo wa umeme, basi. Mtu akisikia hivyo hudhani ni mchezo wa wavivu. Na aingie kwenye kona kwa pupa aone gari lake linavyoruka kutoka kwenye mfuo na kuangukia chini ya kabati.

Mwenye kuueneza mchezo huu duniani alikuwa Mwingereza mmoja aitwaye Fred Francis. Alikuwa na kiwanda kidogo cha vigari vya bati vya kujaza kwa springi, vilivyoitwa Scalex. Mwaka 1957 akavitia mota za umeme na kuviweka kwenye mfuo, jina likawa Scalextric. Magari yale ya mwanzo yalikuwa na mabodi ya bati. Plastiki ilikuja baadaye. Niliwaambia wanafunzi jambo hili makusudi, kwa sababu walikuwa wameanza kuyaonea haya mabati yao ya Kimbo mbele ya plastiki ing'aayo kutoka ng'ambo.

Skeli inayotumiwa zaidi katika mchezo huu ni moja kwa thelathini na mbili: kila sentimita ya kigari ni sentimita 32 za gari lenyewe. Na wapenzi wake wamegawanyika makundi mawili ambayo hayapatani vizuri. Kundi moja hutaka kasi, nalo huliteremsha gari na kulipanua mpaka lifanane na chapati. Kundi la pili hutaka ukweli. Hawa huchagua gari moja lililokimbia siku moja inayojulikana, wakaliunda lilivyokuwa siku hiyo: taa zake, namba zake, rangi zake, hata matope yake. Huko Japani kampuni ya Hasegawa imetoa sanduku la kuunganisha Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na gari lenyewe limehifadhiwa huko huko na waliolitengeneza. Kwa hiyo mtoto wa Tokyo aweza kuyajua matope ya Kenya ya mwaka 1971 kwa kuyapaka yeye mwenyewe kwa brashi. Mtoto wa Nyacheki ameachiwa kuyatembea tu.

Niliamua kwamba klabu yetu ya Jumamosi itafuata kundi la ukweli. Kabla ya hapo, lakini, nilifanya kosa jingine, na hili lilitoa moshi. Umeme wa Marekani nyumbani ni volti 120, wetu ni 240, nami niliyasoma maandishi madogo ya chini ya transfoma baada ya kuichomeka, si kabla. Ilivuma kama nyuki, ikanuka, ikanyamaza. Wanafunzi walinitazama kwa heshima kubwa, kila mmoja akiuma mdomo ili asicheke. Aliyetuokoa ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwendeshaji wa bodaboda. "Mwalimu," alisema, "hizi mota si ni za volti 12? Betri yangu ni ya volti 12." Na kweli, betri ya pikipiki iliyaendesha magari yale vizuri mno. Nilitia fyuzi kwenye waya wake, na mwalimu yeyote atakayejaribu asisahau kufanya hivyo, kwa maana betri haina huruma vyuma viwili vikigusana. Jioni mwenye betri aliichukua akaendelea na abiria wake.

Kila kundi lilichagua gari lililowahi kukimbia katika Safari. Wa kwanza walichukua Datsun 240Z ya 1971. Wa pili walichukua Toyota Celica ya 1994, mwaka ambao Mkenya Ian Duncan alishinda. Wasichana watatu walichagua Subaru Vivio ambayo Patrick Njiru aliimaliza nayo Safari ya 1993, gari dogo lenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu, na sababu waliyonipa ni kwamba bati lake litakuwa dogo. Mvulana wetu hakuulizwa. Kila mtu alijua. Ove Andersson alishinda Safari ya 1975 kwa Peugeot 504.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na sijapata kuyasikia mabishano bora katika darasa la historia. Mmoja wa kundi la Datsun alitaka kulitia gari lake bomba refu la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa, kama alivyoona kwenye picha za Celica. Linapendeza, alisema. Wenzake walimuuliza: je, mwaka 1971 lilikuwapo? Picha tulizokuwa nazo hazikulionyesha. Niliingilia kati nikawaambia kwamba kulitia bomba hilo ni sawa na kumchora Otenyo mwaka 1908 akimvizia Northcote kwa bunduki aina ya Kalashnikov. Otenyo alikuwa na mkuki. Darasa lilicheka, na bomba likatupwa. Lakini msichana mmoja wa kundi la Vivio aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, gari letu ni la asubuhi lilipoanza, au la jioni lilipomaliza?" Nilitafakari kidogo. Safari haikuwa ikirudisha gari kama ilivyolitoa. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza. Taa zilivunjika, milango ilifungwa kwa kamba. Basi kusema tu kwamba hili ni gari la mwaka fulani hakutoshi. Sharti uchague hata saa. Wasichana walichagua jioni, wakapaka udongo mwekundu.

Kwa mvulana wetu shida ilikuwa nyingine. Fremu iliyokuwa ndani ya magari ya sandukuni ilikuwa na milimita 80 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, nayo 504 ikipunguzwa mara 32 inahitaji takriban milimita 86. Wenzake walimwambia afupishe bodi kidogo. Nani ataona milimita sita? Alikataa. Aliikata fremu katikati akaiunga kwa vipande viwili vya waya, na kazi hiyo ilimla Jumamosi mbili. Nilimshauri arudi akapime upya gari la babu yake ili ahakikishe kabla ya kulehemu.

"Halipo, mwalimu," alisema.

Lilikuwa limeuzwa Desemba iliyotangulia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Walikuja na mizani na shoka, wakalikatakata mchana mmoja, na fedha zake zikaenda katika sare na madaftari. Nyanya yake hakuwa na la kufanya, nami simlaumu. Kwa hiyo mtoto alikuwa akichukua vipimo vyake kutoka kwa gari lile lile la waya nililolitia wino mwekundu: anapima, anazidisha kwa kumi, anagawanya kwa 32. Nililichukua nikalipima mwenyewe kwa rula. Kutoka ekseli hadi ekseli nilipata sentimita 27.5. Vipimo vya kiwanda kwa 504 ya saluni ni mita 2.74. Alikuwa amekosea kwa milimita moja, na kosa hilo huenda likawa la rula yangu.

Nilifikiri sana usiku ule. Gari la bati lenye kutu lilikuwa limebaki kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya gari la mzee yule, na lilitegemewa kwa sababu lilipimwa. Laiti mtoto angalitii maandishi yangu akalinyoosha buti, asingalikuwa na pa kulirudia.

Siku ya mashindano tulifukuza kuku, tukaunganisha barabara juu ya meza nne. Mzunguko mmoja ulikuwa wa mita 5, na gari zuri liliumaliza kwa sekunde mbili na nusu. Watoto walikuwa wepesi wa hesabu: mita mbili kwa sekunde, mara 32, ni mita 64 kwa sekunde, yaani kilomita 230 kwa saa! Walishangilia. Ilinibidi niwaharibie furaha. Gari linapunguzwa mara 32, niliwaambia, lakini mvuto wa ardhi haupunguzwi. Kigari kikianguka kutoka juu ya meza ya sentimita 75 hufika chini kwa kama sekunde 0.4. Kwa skeli yetu meza ile ni jabali la mita 24, na gari la kweli likianguka kutoka jabali kama hilo huchukua sekunde 2.2. Muda haukupungua mara 32, umepungua mara tano na ushei tu, ambayo ndiyo kipeuo cha pili cha 32. Kwa hiyo kasi nayo izidishwe kwa kipeuo hicho, nasi tutapata takriban kilomita 41 kwa saa: mwendo wa matatu inayopanda mlima wetu huku imejaa. Mmoja alisema hapendi hesabu hiyo. Nikamwambia hata mimi siipendi, ila ndiyo inayoeleza kwa nini vigari huruka kwenye kona kwa haraka ambayo jicho la mtu haliwahi kuifuata.

Uzito nao una mambo yake. Gari la kilo 1,200 likipunguzwa mara 32 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, uzito wake hugawanywa kwa 32,768 ukabaki gramu zisizofika 37. Ile 504 ya bati tulipoipima kwa mizani ya duka ilikuwa na gramu 110. Ilikuwa nzito mara tatu ya ilivyostahili, na tena ndefu, na nyuma yake iliyumba kila ilipotoka kwenye kona.

Ilishika nafasi ya tatu kati ya magari manne. Aliyeshinda ni Datsun, na wasichana wa Vivio, ambao walikuwa na subira kuliko sote, walifuata kwa karibu sana; waliachia kishikizo mapema kabla ya kona huku wavulana wakiwazomea, kisha wakapita magari yaliyokuwa sakafuni. Lakini ushindi wa Datsun ulizua malalamiko. Mtu mmoja alileta rula. Gari la kweli lina upana wa mita 1.63, ambao ni milimita 51 kwa skeli yetu. Datsun yetu ilikuwa na milimita 60. Waunzi wake walikuwa wamelitanua usiku ili lisipinduke. Walilaumiwa vikali, nao wakajitetea kwamba gari lao lilikuwa na rangi nyekundu na boneti jeusi kama la 1971, namba ni ile ile, na kwamba mashindano ni mashindano. Kanuni ya upana hatukuwa tumeiweka, na hukumu haitungiwi sheria baada ya kosa. Niliwaacha na ushindi wao. Tangu siku hiyo kila gari, kabla ya kuruhusiwa kukimbia, huwekwa juu ya karatasi iliyochorwa vipimo vyake, na likizidi mstari linarudi nyumbani.

Ninaandika haya kwa sababu msimu wa kazi za mikono u karibu tena, na seremala wetu amekwisha kununua mbao. Nina pendekezo dogo kwa walimu wenzangu. Kabla ya kutazama rangi, tumuulize mtoto maswali matatu: Hiki ni kielelezo cha kitu gani hasa? Ni cha lini? Umekipunguza mara ngapi? Mtoto aliyeunda kwa mikono yake atakujibu mpaka uchoke. Aliyenunuliwa atatazama dirishani. Nimelijaribu jambo hili kwa mihula miwili, na malori ya samawati yamepungua mezani pangu, ingawa wazazi wawili wamenijia kulalamika kwamba ninawasumbua watoto kwa mambo ya historia katika somo la sanaa. Aidha, tuwaruhusu watoto wa kike waya na koleo. Sikuwahi kuwapa kwa miaka ishirini, na sina sababu ninayoweza kuieleza mbele ya watu.

Kuhusu daraja ya mvulana yule, nilijaribu kuibadilisha. Alama zilikuwa zimekwisha kutumwa, na nilielezwa kwamba mlango umefungwa. Katika kumbukumbu zake za Gredi ya 6 ataendelea kusomeka kwamba alikaribia matarajio.

Nilikwenda nyumbani kwao Jumapili moja kumweleza nyanya yake. Alinikaribisha, akanitilia chai, akanisikiliza hadi mwisho. Gari la waya lilikuwa juu ya kabati, kando ya picha ya mzee, buti lake limeelekea dirishani. Mvulana alilishusha akaligeuza ili nione alivyokaza ekseli upya, na hapo chini ya sakafu ya bati niliiona karatasi yangu, wino mwekundu ukisomeka vizuri. Nilimwomba anipe niibandue.

"Iache tu, mwalimu," alisema. "Gundi yake ndiyo inayoshikilia sakafu."